Kukagua Gari Dogo Lililotumika Kabla ya Kulinunua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa kwa miaka mingi na ndugu, majirani na watu ambao sijawahi kuonana nao. Mara nyingi wananipigia simu muuzaji akiwa amesimama pembeni anasubiri pesa. Nimeyajibu hapa kwa urefu ili uyasome nyumbani, ukiwa umetulia, kwa sababu mbele ya gari lililong'arishwa mtu husahau hata alichokuja kuuliza. Ninazungumzia magari madogo, yale yenye injini ya lita 1.0 hadi 1.5 hivi, ingawa mengi ya yaliyomo humu yanafaa kwa gari lolote.

Ni gari gani dogo lisilosumbua?

Kila mtu huanza na swali hili, nami humjibu kwa kumuuliza: gari lipi, la nani, limetunzwaje? Sifa ya aina fulani ya gari ni wastani wa maelfu ya magari. Wewe hununui wastani. Unanunua gari moja, lenye mmiliki mmoja au watano nyuma yake, na hilo moja huenda halikubadilishwa oili kwa miaka miwili.

Takwimu zipo na zinasaidia. Ujerumani, shirika la TÜV hutoa kila mwaka ripoti ya kasoro zilizoonekana kwenye ukaguzi wa lazima, zikipangwa kwa aina na umri wa gari, na chama cha madereva cha ADAC huchapisha orodha ya magari yaliyokwama barabarani. Uingereza unaweza kusoma mtandaoni historia ya ukaguzi wa gari kwa kuandika namba yake tu. Zitumie kuchuja aina tatu au nne za kutafuta, kisha uziweke kando. Kuanzia hapo, gari lililo mbele yako ndilo linalosema.

Kuna jambo moja la magari madogo ambalo watu hulisahau. Injini ndogo hubeba oili kidogo, mara nyingi lita 3 hadi 3.5. Ikila lita moja bila mwenye gari kujua, karibu theluthi ya oili yote imekwisha. Injini kubwa ingevumilia; hii ndogo inaanza kusaga vyuma. Tena magari haya hutumiwa sana kwa safari fupi za mjini, injini haifiki kwenye joto lake sawasawa, na oili hubaki na unyevu na uchafu. Ndiyo maana kwa gari dogo mimi najali kumbukumbu za kubadilisha oili kuliko ninavyojali rangi, redio na rimu zote zikiwekwa pamoja.

Kilomita ngapi ni nyingi mno?

Matumizi ya kawaida ni kilomita 10,000 hadi 20,000 kwa mwaka. Gari la miaka kumi lenye kilomita 150,000 limetembea kawaida. Lenye 40,000 linahitaji maelezo, na maelezo hayo yaonekane kwenye karatasi. Hata kama ni za kweli, kilomita chache si baraka kila mara: mipira, mikanda, mabomba ya maji na matairi huzeeka kwa miaka, yatembee yasitembee. Ningechukua gari la kilomita 140,000 za barabara kuu lenye kitabu cha huduma kilichojaa kuliko la 70,000 lisilo na karatasi hata moja.

Nitajuaje kama kilomita zimerudishwa nyuma?

Dashibodi ya kidijitali hubadilishwa kwa dakika chache na mwenye kifaa, kwa hiyo namba ile usiiamini peke yake. Tazama vitu ambavyo mguu na mkono hugusa. Mpira wa pedali ya breki ukiwa umelika hadi mistari imepotea, usukani umekuwa laini na unang'aa, na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango umebonyea, hilo si gari la kilomita 50,000. Pedali mpya kabisa kwenye gari kuukuu nazo ziulizie.

Kisha tafuta karatasi za huduma zilizobandikwa ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Mafundi huandika kilomita za siku waliyobadilisha oili, na wanaorudisha kilomita husahau kuzibandua.

Soma na matairi. Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna kundi la mwisho la tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la mwaka 2016 linalodai kilomita 25,000 lingetarajiwa kuwa bado na matairi yake ya kwanza. Likiwa na matairi ya 2021, uliza ya mwanzo yaliisha vipi.

Nikifika, nianze wapi?

Weka mkono juu ya boneti. Liwe baridi.

Hili ninalisema kwa uchungu. Gari langu la kwanza nililikuta linaunguruma, muuzaji akanieleza kwa upole kwamba ametoka kuliosha na ameliwasha likauke. Lilitulia vizuri kabisa. Asubuhi ya kwanza nyumbani lilipowashwa likiwa baridi, lilitoa mlio wa kugongagonga kama sarafu ndani ya kopo na moshi wa buluu kwa dakika nzima. Kila kilichofichwa kilikuwa kimefichwa na joto. Pesa niliyotumia kufungua injini ile ingetosha kununua gari bora tangu mwanzo.

Kwa hiyo mwambie muuzaji mapema asiliwashe mpaka ufike. Ukikuta limepashwa moto, mwambie utarudi kesho asubuhi, na urudi kweli. Injini ikiwaka baridi, sikiliza sekunde kumi za kwanza. Mlio mfupi unaokwisha oili ikipanda unaweza kuwa wa kawaida kwa baadhi ya injini. Mlio wa cheni unaoendelea, kugonga kunakofuata mwendo wa injini, au misi (silinda kukosa kuwaka) ya kutikisa gari zima ni habari nyingine.

Moshi unasema nini?

Wa buluu ni oili inayoungua: ringi za pistoni au sili za vavu zimechoka. Mwambie mwenzako asimame nyuma, wewe uache injini ikae silensa, yaani iunguruме bila kukanyagwa mafuta, dakika mbili kisha ukanyage mafuta ghafla. Wingu la buluu likitoka hapo, sili za vavu zishukiwe kwanza. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, na mara nyingi tatizo ni dogo: kichujio cha hewa, plagi au kihisi. Mweupe mwepesi asubuhi ya baridi ni mvuke tu. Mweupe mzito usiokwisha injini ikishapata moto, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, na hapo mimi huaga.

Oili na maji ya rejeta nivikague vipi?

Injini ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi haimaanishi gari bovu. Oili iliyo chini ya alama ya mwisho inamaanisha mwenye gari asiyejali, na hiyo ni taarifa kubwa kuliko weusi. Fungua kifuniko cha oili na umulike kwa tochi. Rangi ya kahawia ya asali ni sawa. Utando mweusi mnene kama lami ni miaka ya kuchelewesha huduma. Ukiona kitu kama krimu ya maziwa, oili na maji vimekutana. Kwenye gari la safari fupi na hali ya baridi unaweza kuwa unyevu mdogo tu chini ya kifuniko, lakini ikionekana na kwenye kijiti, gasketi ya hedi (sehemu ya juu ya injini) imekwenda.

Kifuniko cha rejeta usikifungue likiwa la moto, kitakuunguza. Likiwa baridi, fungua utazame: maji yawe na rangi safi ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), siyo kahawia ya kutu, wala yasiwe na mafuta yanayoelea. Maji matupu ya bomba kwenye rejeta yanaeleza kwamba gari lilikuwa linavuja au kuchemsha na mtu akawa anaongeza tu. Kisha injini ikiwaka, angalia chupa ya akiba. Mapovu yasiyokwisha humo yananitia hofu kuliko taa yoyote ya dashibodi, maana injini ndogo za hedi ya alumini zikichemsha mara moja vibaya, hedi hupinda.

Mkanda wa taimingi au cheni: kuna tofauti gani kwangu mimi mnunuzi?

Vyote viwili hufanya vavu ziende sawa na pistoni. Tofauti ni pesa utakayotoa mwaka huu. Mkanda wa mpira hubadilishwa kwa ratiba, mara nyingi kati ya kilomita 100,000 na 160,000 au kwa idadi ya miaka iliyotajwa na mtengenezaji. Kwenye injini nyingi, mkanda ukikatika pistoni hugonga vavu na injini imekwisha. Muuzaji akisema umebadilishwa, aoneshe risiti. Hana risiti? Hesabu kwamba haujabadilishwa, na gharama yake uiweke kwenye mazungumzo ya bei.

Cheni haina ratiba ya kubadilishwa, lakini hutegemea oili safi. Injini ya Toyota ya silinda tatu, 1KR-FE, iliyofungwa kwenye magari mengi madogo, ni ya cheni, na ukiiwasha baridi cheni iliyolegea utaisikia.

Kuna aina ya tatu inayohitaji uangalifu wa pekee: mkanda wa mpira unaozunguka ndani ya oili. Umo katika matoleo ya mwanzo ya EcoBoost ya lita 1.0 ya Ford na katika injini nyingi za PureTech ya lita 1.2 za Peugeot na Citroën. Mkanda huo ukichakaa hutoa vipande vinavyoziba kichungi cha kufyonza oili, na injini hukosa oili taratibu. Kwa gari la namna hiyo, kumbukumbu kamili ya huduma pamoja na oili ya kiwango kilichoelekezwa ni lazima. Bila hiyo, mimi singelinunua hata kwa bei ya kutupa.

Giaboksi ya CVT naogopa. Niogope kweli?

Usiogope, ikague tu. CVT ni aina ya giaboksi ya otomatiki: mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili zinazobadilika upana, kwa hiyo hakuna gia za kuhesabu. Ikitunzwa hudumu vizuri. Huuawa na mambo mawili: oili isiyobadilishwa kabisa, na oili isiyo yake. Oili ya otomatiki ya kawaida siyo oili ya CVT, na fundi aliyeijaza kwa kubahatisha ameiua giaboksi bila kujua. Uliza ilibadilishwa lini na kwa oili gani.

Ukiwa umekanyaga breki, ingiza D, subiri, kisha R. Iingie ndani ya sekunde moja hivi bila kishindo. Ondoka polepole sana, kama mtu anayejongea kwenye foleni, maana CVT mbovu hutetemeka hapo hapo. Honda Fit za kizazi cha kwanza, zilizoanza mwaka 2001, zinajulikana kwa mtetemo huo wa kuondokea, unaotokana na klachi ya kuanzia. Kisha tafuta mlima. Mlio wa injini kupanda mapema kuliko mwendo ni tabia ya CVT. Mlio kupanda na gari kubaki palepale, au mlio wa filimbi unaokua kadiri unavyokimbia, ni ubovu. Endesha angalau dakika thelathini, kwa sababu kuna CVT zinazoonesha maradhi yao oili ikishapata moto tu.

Na giaboksi ya kawaida, ya kukanyaga klachi?

Rahisi zaidi. Ukiwa kwenye gia ya juu na mwendo mdogo, kanyaga mafuta kwa nguvu: injini ikipiga kelele bila gari kuongeza mwendo, klachi inateleza. Gia ya pili ikigoma au ikikwaruza, sinkronaiza, zinazolainisha gia kuingia, zimechoka.

Nitatambuaje gari lililogongwa?

Simama mbali kwanza, hatua kumi, mchana wenye mwanga, gari likiwa kavu. Maji huficha kasoro za rangi kuliko kitu chochote. Tazama mianya kati ya boneti, milango na buti: ya kushoto na ya kulia ifanane. Tazama rangi kwa pembeni. Mlango mmoja wenye vichembe kama ganda la chungwa umepakwa upya.

Kisha fungua. Boliti zinazoshika fenda na boneti hupakwa rangi kiwandani pamoja na bodi, na spana ikishazigusa huacha alama kwenye kona zake. Inua zulia la buti, toa tairi la akiba, mulika chini: chuma kilichokunjwa kikanyooshwa hakirudi kuwa laini kama mwanzo, na silanti iliyopakwa kwa mkono huonekana. Kipimo cha unene wa rangi ni kifaa kidogo kinachofaa kuazimwa. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa mikroni 80 hadi 150; ukipata 500 na zaidi, chini yake kuna puti ya kujazia mabonde.

Bampa iliyopakwa upya hainisumbui. Hayo ni maisha ya gari dogo mjini. Ninachokimbia ni gari lililoguswa chasi, nguzo za milango au vishikio vya shokabzoba. Gari lililotoka kwenye mnada wa Japani lina karatasi ya mnada, na alama ya R au RA humo inaonesha gari lililopata ajali likatengenezwa. Omba karatasi yenyewe, usikubali kuelezwa kwa mdomo.

Na lililozama kwenye mafuriko?

Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake kabisa. Tope likikauka huacha mstari pale ambapo hakuna anayeosha. Angalia kutu kwenye reli za viti na boliti zake, ukungu ndani ya taa, na unuse zulia, siyo hewa. Manukato makali kupita kiasi ndani ya gari yanafunika kitu. Gari la mafuriko linaweza kutembea vizuri miezi mingi, kisha nyaya zianze kuoza moja baada ya nyingine. Hakuna punguzo la bei linalolifidia.

Hakuna taa ya dashibodi inayowaka. Je, ni salama?

Swali sahihi ni kama zinawaka *kabla* ya injini kuwashwa. Zungusha swichi bila kuwasha injini: taa ya injini, ya ABS (breki zisizojifunga) na ya mifuko ya hewa zote ziwake, kisha zizime, nyingine injini ikishawaka. Isiyowaka kabisa imeondolewa au imezibwa, na aliyeiziba alijua sababu.

Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu toleo la 1996, na Ulaya tangu 2001, yana soketi ya pamoja ya kusomea kompyuta, na magari mengi ya siku hizi yanayo. Kifaa kidogo cha kuunganisha na simu kinatosha. Usitazame makosa tu; tazama kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Yakiwa hayajakamilika, huenda makosa yamefutwa, labda asubuhi hiyo hiyo. Betri ikichomolewa huleta hali hiyo pia, hivyo uliza kabla ya kulaumu. Ukiwa na kipimo cha umeme, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa, na kwa kawaida kati ya 13.8 na 14.5 ikiwaka.

Nilijaribu mtaani kidogo, linatosha?

Halitoshi. Zima redio, fungua vioo, uende barabara mbovu kwanza na ya kasi baadaye. Kwenye uwanja mtupu, kunja usukani hadi mwisho na uzunguke polepole pande zote mbili; mlio wa tak-tak-tak ni jointi za shafti za mbele. Usukani ukitetemeka unapofunga breki kwenye mwendo, diski zimepinda. Ukiuachia kidogo kwenye barabara tambarare na gari likavuta upande mmoja, linaweza kuhitaji alaimenti tu, au lina bushi zilizokwisha, au liligongwa. Ukirudi, liache likiwaka dakika kumi likiwa limesimama. Feni ya rejeta iwake na kuzima yenyewe, sindano ya joto isipande.

Nimesikia habari za mifuko ya hewa hatari. Zinahusu magari madogo?

Zinahusu sana. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata ilitumia amoniamu naitreti, ambayo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi; ikilipuka kupita kiasi, hurusha vipande vya chuma kwa abiria. Karibu vifaa milioni 100 viliitwa virekebishwe duniani, vikiwemo vya magari madogo ya Honda na Toyota. Ingiza namba ya chasi kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari lina wito ambao haujatekelezwa. Kazi hiyo hufanywa bila malipo.

Vipi kuhusu haibridi dogo, la petroli na umeme?

Toyota Aqua, iliyotoka Desemba 2011, ndiyo inayoulizwa zaidi. Kwenye kizazi hicho cha kwanza, betri yake kubwa ya volti 144 ipo chini ya kiti cha nyuma na hupozwa na hewa ya ndani ya gari, kupitia tundu lililo pembeni ya kiti. Vumbi na manyoya yakiziba tundu hilo, betri huchemka na kufa mapema. Litazame. Wakati wa kujaribu, angalia kipimo cha chaji: kikipanda na kushuka kwa haraka sana, betri imechoka. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse kabisa.

Karatasi nizisome vipi?

Namba ya chasi kwenye hati, kwenye kibati na iliyogongwa kwenye chuma zifanane herufi kwa herufi. Namba ya kimataifa ina tarakimu na herufi 17, na haitumii kamwe I, O wala Q. Ukiziona, kuna aliyeandika vibaya au aliyeghushi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi, hiyo isikushtue. Hakikisha jina la muuzaji ndilo lililo kwenye hati. Kama siyo, zungumza na mwenye jina.

Nikishalikagua mwenyewe, bado nahitaji fundi?

Ndiyo, na awe fundi wako, asiwe wa muuzaji wala wa dalali. Ukaguzi wako ni wa kuchuja, ili usimlipe fundi kwa magari manane. Yeye alipandishe juu atazame chini, uvujaji, bushi na kutu, na apime kompresheni (mgandamizo) ya silinda zote. Namba zikaribiane: silinda moja ikipungua zaidi ya asilimia 10 au 15 kuliko nyingine, injini ina tatizo hata kama inaunguruma vizuri.

Muuzaji amekataa fundi wangu asilikague.

Ondoka.

Kasoro zipi naweza kuzikubali?

Padi za breki, matairi, betri, plagi, bushi, shokabzoba, gesi ya kiyoyozi. Hivi huisha kwa kila gari; vihesabu, punguza kwenye bei, uvibadilishe. Injini iliyochemsha, giaboksi inayoteleza, kutu iliyokula sehemu za kubeba uzito na hati zenye mashaka siyo vitu vya kujadiliana bei.

Na ukishalinunua, wiki ile ile badilisha oili ya injini na kichujio chake, hata muuzaji akiapa ni mpya. Oili ya giaboksi ya CVT ifuate, ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Andika tarehe na kilomita kwenye kipande cha karatasi, ukibandike ndani ya boneti, na kuanzia siku hiyo kagua kijiti cha oili kila unapojaza mafuta.